Kitadumu Safari Ngapi?

Kwa Kiswahili vitu huchoka. Gari limechoka, suruali imechoka, bati la jikoni limechoka, na siku hizi hata simu inachoka. Hakuna anayeshangaa tukisema hivyo. Wahandisi wa Ulaya, kinyume chake, walihitaji miaka mingi na maiti nyingi kabla ya kukubali kwamba chuma, kitu walichokiamini kuliko vyote, kinaweza kuchoka. Mfaransa Jean-Victor Poncelet alilitumia neno hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1839. Mwingereza Frederick Braithwaite akalipandisha hadi kwenye kichwa cha makala yake mwaka 1854. Katikati ya miaka hiyo miwili watu waliendelea kubishana kama uchovu wenyewe upo.

Ninasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo nchini Ujerumani, na kazi yangu, huu mwaka wa pili sasa, ni kuchosha titani. Nina sampuli zenye umbo la mfupa, nene kwenye ncha na nyembamba katikati, zote zimechapwa kwa leza kutoka kwenye unga. Ninazibana kwenye mashine moja baada ya nyingine, mashine inazivuta na kuziachia mara 30 kwa sekunde, nami ninasubiri zikatike. Kazi ya kusubiri humpa mtu muda wa kusoma, na nilianza kusoma historia ya kazi yangu kwa sababu hiyo tu. Sikutarajia kukutana humo na Entebbe.

Kwanza nieleze uchovu wenyewe ni nini, maana neno linaweza kupotosha. Chukua waya wa kufungia nondo. Ukiuvuta kwa mikono miwili haukatiki, huna nguvu hiyo. Ukiukunja na kuukunjua, ukaukunja tena na kuukunjua, baada ya muda unakatika mkononi, na pale ulipokatikia pana joto. Hujatumia nguvu kubwa hata mara moja. Umetumia nguvu ndogo mara nyingi. Wahenga wanasema bandu bandu huisha gogo, na kwa uchovu wa metali methali hiyo ni sahihi karibu neno kwa neno. Tofauti ni kwamba waya wako unapinda kwa macho, ilhali ekseli ya treni au bawa la ndege hupokea mizigo midogo kiasi kwamba hakuna kinachoonekana kupinda. Kwa mahesabu ya kawaida kitu kiko salama kabisa. Kisha siku moja, katikati ya kazi ileile iliyofanywa jana na juzi, kinakatika.

Tarehe 8 Mei 1842 kulikuwa na sherehe Versailles kwa heshima ya mfalme Louis-Philippe. Chemchemi za bustani zilifunguliwa, watu wa Paris wakaenda kutazama, na jioni treni iliyokuwa ikiwarudisha mjini ilijaa. Ilivutwa na vichwa viwili kwa jinsi ilivyokuwa ndefu. Karibu na Meudon ekseli ya kichwa cha mbele ikakatika. Kichwa kilianguka, cha pili kikakipanda, mabehewa yakarundikana juu ya majiko ya makaa yaliyokuwa yakiwaka. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa funguo kutoka nje, kama ilivyokuwa desturi, ili abiria wasije wakashuka ovyo treni ikitembea. Waliokufa hawakuwa chini ya 50, na hesabu kamili haikupatikana kamwe kwa sababu wengi waliungua wasitambulike. Miongoni mwao alikuwa Jules Dumont d'Urville, baharia aliyekuwa amezunguka dunia na kufika hadi pwani ya bara la barafu la kusini. Alikufa pamoja na mkewe na mwanawe wakitoka kutazama chemchemi.

Ekseli ile haikuwa na kosa la wazi. Ilikuwa imefanya kazi. Ndilo lililowasumbua watu: chuma kizuri, kilichofuliwa na fundi mzuri, kimekatika kana kwamba ni kauri. Uso wa mpasuko uling'aa kwa chembechembe, tofauti na chuma laini chenye nyuzinyuzi walichokijua. Maelezo yaliyopendwa na wengi yakawa kwamba mtikisiko wa reli hukibadilisha chuma ndani, ukakigeuza kutoka nyuzi kuwa fuwele. Nadharia hiyo ilidumu kwa miongo, na sioni sababu ya kuicheka. Mtu anaamini anachokiona, na kilichoonekana zilikuwa fuwele. Wasichokijua ni kwamba fuwele zilikuwamo tangu mwanzo, maana metali yote imejengwa kwa fuwele.

Aliyeangalia kwa makini zaidi alikuwa kijana wa Scotland, William Rankine, ambaye mwaka 1843, akiwa na umri wa miaka 22, aliwasilisha makala kuhusu ekseli za reli zinazokatika. Aliona kwamba hazikatiki popote tu. Hukatikia pale ekseli inapobadili unene ghafla, kwenye kona kali, na mpasuko huanzia nje ukaenda ndani kidogokidogo. Akapendekeza kona ifanywe mviringo. Pendekezo lenyewe ni la sentensi moja, na bado tunalifuata. Nikiri kwamba umri wake ulinikera kidogo nilipousoma.

Hata Rankine hakuwa wa kwanza. Kwenye migodi ya milima ya Harz, Wilhelm Albert alikuwa ameanza tangu mwaka 1829 kuchunguza minyororo iliyotumika kuvuta madini. Minyororo ilikatika bila kuzidiwa na mzigo. Badala ya kutundika mzigo mmoja mkubwa kama walivyofanya wengine, alitengeneza mashine iliyopakia na kupakua mnyororo tena na tena, maelfu ya mara, na akachapisha matokeo mwaka 1837. Kisha akafanya jambo ambalo wasomi wengi hatufanyi: aliona tatizo ni gumu, akalizunguka. Mwaka 1834, kabla hata ya makala kutoka, alikuwa ameshabuni kamba ya waya, na migodi ikaachana na minyororo. Kamba yenye waya nyingi hutoa taarifa. Waya mmoja ukikatika, mingine inabaki, na fundi anauona umechomoza.

Lakini baba wa fani ni August Wöhler. Alikuwa mtu wa reli, mkuu wa karakana na mabehewa kwenye kampuni ya reli iliyounganisha Berlin na Silesia, na alifanya kazi zake Frankfurt an der Oder. Alianza na swali la fundi: ekseli inapokuwa safarini hupinda kiasi gani hasa? Akaweka chini ya mabehewa kifaa chenye sindano iliyochora mikwaruzo kwenye bamba la zinki, treni ikaenda na kurudi, naye akapima mikwaruzo. Baada ya kujua mzigo halisi, akajenga mashine za kuzungusha ekseli chini ya mzigo huo na mizigo mingine, mikubwa na midogo, na kuhesabu. Sampuli moja ilizungushwa zaidi ya mara milioni 100. Kwa kasi ya mashine za enzi hizo, hiyo ni miaka.

Alichogundua ndicho ninachokifanyia kazi kila siku. Ukipunguza mzigo, idadi ya mizunguko kabla ya kukatika inaongezeka, na inaongezeka haraka sana. Kwa chuma unafika mzigo ambao chini yake sampuli haikatiki hata ukingoja mpaka uchoke wewe. Na kinachoua si mzigo mkubwa peke yake, bali tofauti kati ya mzigo wa juu na wa chini, yaani ule mchezo wa kupanda na kushuka. Grafu ya jambo hilo hapa maabara huitwa mstari wa Wöhler, ingawa mwenyewe aliacha majedwali na waliomfuata ndio walioyachora. Majedwali yale aliyachapisha yote kwenye jarida la umma kati ya mwaka 1858 na 1870, kila sampuli na hesabu yake. Mwaka 1867 matokeo yake yalioneshwa kwenye maonyesho ya dunia mjini Paris, yeyote aliyepita akayaona. Nitalirudia jambo hili la kuchapisha yote.

Kilichobaki kikafanywa na hadubini. Mwaka 1903 Ewing na Humfrey walisugua chuma cha Sweden mpaka kikawa kama kioo, wakakichosha, wakakitazama. Waliona mistari myembamba ndani ya fuwele mojamoja, mahali ambapo metali ilikuwa imeteleza juu yake yenyewe. Kila mzunguko mistari iliongezeka na kupanuka, hadi mingine ikawa nyufa. Nadharia ya mtikisiko unaogeuza nyuzi kuwa fuwele ikaishia hapo.

Sasa Entebbe. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya shirika la BOAC iliondoka London ikiwa na abiria 36. Ilikuwa de Havilland Comet, na safari ile ilikuwa ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria waliokata tiketi katika huduma ya kawaida. Njia ilikuwa Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe, Livingstone, halafu Johannesburg, yote kwa muda usiofika saa 24. Kwa hiyo mwanzo wa enzi ya jeti za abiria haukuwa New York wala Tokyo. Ulipita juu ya mto Nile na kutua kando ya Ziwa Victoria. Wahudumu wa Entebbe waliojaza mafuta walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo duniani kuihudumia jeti ya abiria ikiwa kazini. Nimewahi kusubiri ndege kwenye uwanja huo saa tano nzima bila kujua lolote kati ya haya.

Comet iliruka juu kuliko ndege zote za abiria za wakati wake, zaidi ya mita 10,000, ambako hewa ni nyembamba na injini za jeti hula mafuta kidogo. Ili abiria wapumue, hewa ndani hubanwa. Ndege ikipanda, kiwiliwili chake huvimba kidogo kama puto. Ikishuka, hunywea. Kila safari ni mzunguko mmoja. London mpaka Johannesburg kwa vituo vile ni mizunguko sita.

Ndege iliyofanya safari ile ya kwanza ilisajiliwa G-ALYP, na kwa alfabeti ya marubani wa wakati huo ikaitwa Yoke Peter. Tarehe 10 Januari 1954 Yoke Peter iliondoka Roma, na dakika chache baadaye ikapasuka angani karibu na kisiwa cha Elba. Watu 35 walikufa. Daktari wa Pisa aliyechunguza miili alikuta mapafu yamepasuka, kama ya watu ambao hewa imewatoroka kwa ghafla. Comet zote zikasimamishwa, zikafanyiwa marekebisho ya kila kilichodhaniwa kuwa chanzo, na tarehe 23 Machi zikarudishwa kazini. Chanzo chenyewe kilikuwa hakijajulikana. Tarehe 8 Aprili nyingine, G-ALYY, ikitoka Roma kwenda Cairo, ikaangukia baharini kusini mwa Naples ikiwa na watu 21. Hao 21 ndio ninaowafikiria kila ninaposikia mtu akisema kipuri fulani kimerekebishwa ilhali hawezi kusema kilikuwa na nini.

Uchunguzi ulifanyika Farnborough chini ya Arnold Hall. Walichukua Comet nyingine, G-ALYU, iliyokwisha kuruka safari 1,221, wakakizamisha kiwiliwili chake ndani ya tangi la maji, mabawa yakitokeza nje kwenye matundu yaliyozibwa. Walitumia maji kwa sababu hayabanwi kama hewa: kiwiliwili kikipasuka hakilipuki, na ushahidi unabaki mahali pake. Wakajaza na kupunguza, wakajaza na kupunguza, usiku na mchana, huku mabawa yakisukumwa juu na chini. Baada ya mizunguko 1,836 tangini, jumla 3,057 ukihesabu safari za kweli, bati likachanika kuanzia kwenye tundu karibu na kona ya dirisha. Baadaye kipande cha paa la Yoke Peter kilichovuliwa baharini kilionesha ufa ulioanzia kwenye kona ya dirisha dogo la antena. Yoke Peter ilikuwa imeruka safari 1,290. Ile nyingine, 900.

Hadithi inayosimuliwa mitandaoni ni kwamba madirisha yalikuwa mraba na wahandisi walikuwa wajinga. Si kweli. Kona zilikuwa na mviringo, na de Havilland walikuwa wameupima uchovu wa kiwiliwili kabla ya ndege kuanza kazi. Kipande cha majaribio kilistahimili mizunguko 16,000. Tatizo ni kwamba kipande hichohicho kilikuwa kimetumika kwanza kwa jaribio la nguvu, kikajazwa presha mara mbili ya ile ya kawaida. Presha hiyo ilivuta metali iliyo kwenye kona za madirisha kupita kiasi, na ilipoachiwa ikabaki imebanwa. Metali iliyobanwa huchelewa kupata ufa. Jaribio la kwanza lilikuwa limeliponya jaribio la pili. Ndege zilizouzwa hazikuwahi kupewa dawa hiyo.

Sijawahi kusoma jambo linalonitisha zaidi katika fani hii. Hawakudanganya. Walipima, wakapata namba, namba ilikuwa sahihi kwa kipande kile, na kipande kile hakikuwa ndege.

Baada ya Comet ilibidi watu wakubali kwamba nyufa zipo na zitakuwapo. Swali likawa zinakua kwa kasi gani. Mmarekani Paul Paris alipata kanuni ya kasi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, majarida makubwa yakaikataa makala yake, ikatoka mwaka 1961 kwenye jarida la chuo kikuu chake. Leo hakuna mwanafunzi wa uchovu asiyeijua. Ukaguzi wa ndege ukapangwa kwa hesabu hizo: ufa mdogo kabisa tunaoweza kuuona utachukua safari ngapi kufikia ukubwa wa kuua, basi tukague kabla ya hapo.

Mpango mzuri, mradi mkaguzi aone. Tarehe 19 Julai 1989 diski ya feni ya injini ya nyuma ya ndege ya United, safari namba 232, ilipasuka juu ya Iowa. Vipande vilikata mabomba yote ya haidroliki, na marubani wakaipeleka ndege Sioux City kwa kuongeza na kupunguza moto wa injini mbili zilizobaki. Kati ya watu 296 walikufa 112, na waliopona walipona kwa ustadi ambao sina maneno nao. Diski ilikuwa ya titani, aloi yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Ni aloi ileile ninayoivunja mimi. Wakati wa kuyeyushwa, karibu miaka 18 kabla, punje ndogo iliyoshiba naitrojeni ilibaki ndani yake, ngumu na yenye kuvunjika kirahisi. Ufa ulianzia hapo na ukakua kwa safari 15,503. Ukaguzi wa mwisho ulifanyika safari 760 kabla ya ajali, na wachunguzi walihitimisha kwamba wakati huo ufa ulikuwa mkubwa wa kutosha kuonekana.

Punje moja. Ndani ya diski nzima.

Mashine ya kuchapa metali inafanya kazi hivi. Mkono unasambaza unga wa titani, chembe ndogo kuliko upana wa unywele, kwenye bamba lililo ndani ya chumba kilichojazwa gesi ya agoni. Leza inapita na kuyeyusha mahali panapotakiwa. Bamba linashuka maikromita 30, unga unasambazwa tena, leza inapita tena. Sampuli yangu ya sentimita 9 ina matabaka 3,000. Wazo la kuunganisha unga kwa leza lilianzia kwa mwanafunzi, Carl Deckard wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, miaka ya 1980. Kuyeyusha metali yenyewe hadi ishikane kabisa kulikamilishwa na watafiti wa Fraunhofer mjini Aachen katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliidhinisha kipuri cha kwanza kilichochapwa ndani ya injini ya jeti ya abiria, kifuko cha sensa kwenye injini ya GE90. Muda mfupi baadaye zikaja pua za mafuta za injini ya LEAP, kipande kimoja mahali palipokuwa na karibu vipande 20 vya kuunganisha.

Ukiivuta titani iliyochapwa mara moja hadi ikatike, ni nzuri kama iliyofuliwa, pengine inaizidi. Namba hiyo ndiyo utakayoiona kwenye matangazo. Ukiichosha, mambo yanageuka. Leza ikipita haraka mno, unga hauyeyuki wote, na kati ya tabaka na tabaka linabaki pengo bapa lenye kingo kali kama wembe. Ikipita polepole mno, metali inachemka na kuacha kitundu chini kabisa. Gesi iliyonaswa ndani ya chembe za unga huacha vitundu vya mviringo. Nje, chembe zilizoyeyuka nusu zinagandamana na uso, ukipitisha kidole ni kama msasa, na kila bonde dogo la msasa huo ni kona kali ya Rankine. Sampuli iliyoachwa na uso wake wa kuchapwa inaweza kupoteza nusu ya uwezo wake wa kustahimili uchovu, au zaidi. Mjapani Yukitaka Murakami alionesha kwamba ukijua ukubwa wa kitundu na ugumu wa metali unaweza kukadiria mzigo ambao nyufa zitaanzia. Maana yake ni kwamba sampuli yenye vitundu elfu ina maisha ya kitundu kimoja tu, kile kikubwa kilicho karibu na uso.

Dawa zipo. Unaweza kukereza uso. Unaweza kuiweka sampuli kwenye tanuri la presha, nyuzi joto 900 na kitu, presha kama mara 1,000 ya hewa tunayopumua, na vitundu vya ndani vikajifunga. Vile vinavyofunguka nje havijifungi, gesi inaingia humo. Na dawa hizi ni ghali, mara nyingi kuliko kuchapa kwenyewe.

Mjomba wangu ni fundi wa malori Makambako, kwenye barabara ya kwenda Tunduma. Springi zikivunjika usiku huamshwa yeye. Hajasoma Wöhler, lakini ukimpa jani la springi lililokatika analigeuza kwenye mwanga na kukusomea. Sehemu nyeusi yenye kutu ilipasuka zamani, ina mistari kama ile inayoachwa na maji ya ziwa kwenye mchanga, kila mstari kipindi cha safari. Sehemu inayong'aa ilikatika jana. Akiona nyeusi ni kubwa na ng'avu ni ndogo, husema dereva hana kosa, chuma kilikuwa kimeshachoka. Ikiwa kinyume chake, humuuliza dereva alibeba tani ngapi. Sijaona mwalimu anayeusoma uso wa mpasuko kwa haraka namna ile.

Nilipompigia kumweleza utafiti wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya habari za shangazi na mvua, nilimwambia kwamba siku moja hatasubiri kipuri kutoka Dubai. Atatumiwa faili, atachapa palepale.

"Sawa, mjomba," akasema. "Hicho kipuri kitadumu safari ngapi?"

Nikamwambia inategemea mashine, unga, pembe kiliposimamishwa wakati wa kuchapwa, na mahali kilipokaa kwenye bamba.

"Basi hiyo faili haijui."

Haijui, kweli. Faili hubeba umbo. Nimechapa sampuli mbili kutoka faili moja, siku moja, bamba moja, moja kona ya kushoto na nyingine katikati. Moja ilikatika kabla ya chakula cha mchana. Ya pili ilikaa mpaka siku ya tatu. Kwa hiyo ninaposikia kwenye mikutano, na ninasikia mara nyingi, kwamba Afrika itaruka hatua ya viwanda vya kufua na kusubu kama ilivyoruka simu za waya, hupata shida kupiga makofi. Simu haikuhitaji mtu ajue kitundu kikubwa kimekaa wapi. Kuchapa kishikio cha mlango wa basi, sawa, hata kesho. Kuchapa kinachobeba uhai wa watu kunahitaji tanuri la presha, mashine ya eksirei ya kuona ndani, na zaidi ya yote kunahitaji majedwali.

Na majedwali ndiyo yaliyofungiwa. Kampuni zinazochapa vipuri vya ndege zimevunja maelfu ya sampuli ili kujua mipaka ya mashine zao, na hesabu hizo ni siri ya biashara. Siwalaumu kwa moyo mmoja, zimewagharimu fedha nyingi. NASA walau walichapisha mwaka 2017 kanuni zao za vipuri vya vyombo vya angani vilivyoyeyushwa kwa leza: kila kundi la vipuri lichapwe pamoja na sampuli za ushahidi, zivunjwe hizo kwa niaba ya kipuri. Kanuni iko wazi kwa yeyote. Namba za aliyevunja, hapana. Wöhler alikuwa mwajiriwa wa reli, ekseli zilikuwa za mwajiri wake, na bado kila fundi wa Ulaya aliweza kusoma jedwali lake na kujua ekseli yake mwenyewe ina miaka mingapi. Mtu wa Makambako leo hana jedwali la kusoma, hata akinunua mashine ileile.

Nimemwomba msimamizi wangu ruhusa ya kuweka hesabu zetu zote hadharani, pamoja na zile za sampuli zilizokatika mapema kwa aibu. Mashine yetu ilitolewa na mfadhili, na mkataba una kurasa zake. Jibu litakuja baada ya mwezi, nimeambiwa. Wakati huohuo sampuli ya 41 iko kwenye mashine tangu Ijumaa asubuhi. Imepita mizunguko milioni 6, uso umekerezwa, vitundu vimefungwa. Ikifika milioni 10, ambayo itakuwa Jumanne alfajiri, nitaitoa nzima na kuiandika kwenye daftari kwa alama ya mshale, kama wafanyavyo wote kwa zile ambazo hazikukatika.